Binti, JavaScript na Daftari la Chama: Ufundi Mpya Katika Nyumba za Rongai

Baada ya swala ya Isha, wakati matatu za nambari 125 zingali zikishusha abiria kandokando ya Barabara ya Magadi, zipo nyumba za Ongata Rongai ambamo taa ya chumba kimoja haizimwi upesi. Ndani yumo binti aliyemaliza kidato cha nne, au mama aliyekwisha kuwalaza watoto, ameinamia laptopu. Hatazami mchezo wa kuigiza. Anajifunza kujenga programu za wavuti, zile zinazofunguka ndani ya kivinjari cha simu bila kupakuliwa kwanza, na neno lisilomtoka kinywani ni JavaScript.

Familia zetu zilizotoka Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale zikahamia huku Kajiado kwa ajili ya kazi, au kwa kutafuta kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, zinaujua mwanga huo wa usiku. Wazazi kadhaa wametuletea swali moja kwa maneno tofauti. Binti anataka kulipiwa kozi ya React; kozi yenyewe inaahidi kazi baada ya wiki chache; na karo inayotakiwa ni akiba ya nyumba nzima. Je, tumlipie au tumzuie?

Tumeonelea tulijibu swali hilo kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna fedha za wazazi na mwaka mzima wa maisha ya msichana. Maoni yetu tunayatanguliza ili msomaji asihangaike kuyatafuta: ufundi huu ni wa kweli na una manufaa, lakini React yenyewe ni ya bure, na wala si kitu cha kuanzia. Kinachogharimu ni muda, utulivu na chombo cha kufanyia kazi. Mzazi akilifahamu hilo, atajua ni wapi pa kutoa fedha zake na ni wapi pa kuzizuia.

Rongai si mahali pa ajabu kwa jambo hili kuota mizizi. Katika Kimaasai ongata ni uwanda, na uwanda huo leo umejaa wapangaji, wengi wao wanafunzi. Chuo Kikuu cha Multimedia kipo kwenye Barabara hiyohiyo ya Magadi, na chimbuko lake ni shule ya mafunzo ya mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene nacho kipo hukuhuku. Intaneti wanayoitumia ilipitia kwetu pwani: mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa kutoka chini ya bahari, na kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea mawasiliano ya setilaiti yaliyokuwa ya polepole na ya ghali. Kwa hiyo masomo yanayosomwa usiku Rongai yamepita kwanza katika mchanga wa Mombasa. Tunalisema hili kwa majivuno kidogo, na tunatumaini tutasamehewa.

Kitu chenyewe ni nini

Ukurasa wowote unaoufungua kwenye simu umejengwa kwa lugha tatu. HTML husema ni nini kilichopo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kitufe. CSS husema kinafananaje: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. JavaScript husema kinatenda nini mtu akikigusa. Mwenye nyumba angesema kuta, rangi na umeme, na hangekuwa mbali na ukweli.

JavaScript ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na nakala yake ya kwanza aliiandika kwa siku kumi tu. Haraka hiyo imeacha makovu ambayo wanafunzi wanakutana nayo mpaka leo. Jina lake nalo limewapoteza wengi, kwani ipo lugha nyingine iitwayo Java, na wapo wazazi waliokwisha kununua vitabu vya Java wakidhani wamemnunulia binti alichokitaka. Java na JavaScript zinafanana kama papa na papai.

Kwa miaka mingi lugha hizo tatu zilitosha. Kisha kurasa zikageuka kuwa vyombo vya kazi: barua pepe, ramani, duka, benki. Kenya haikuwa mtazamaji. Mwezi wa Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, kundi dogo ambamo walikuwamo Ory Okolloh na Juliana Rotich lilijenga Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi na kuzionyesha juu ya ramani. Ilijengwa kwa siku chache na baadaye ikatumiwa katika nchi nyingi duniani. Tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wanawake wa nchi hii wanaingia leo katika ufundi huu. Walikuwamo tangu zamani.

Kadiri kurasa zilivyokuwa na vitu vingi vinavyobadilika kwa wakati mmoja, msimbo wake ulianza kuwashinda hata mafundi. Ukibonyeza hapa, namba ibadilike kule, orodha ijipange upya, kitufe kififie. Kuyaandika yote hayo kwa mkono, moja moja, ni kama kupika pilau ya harusi kwa sufuria ya watu wawili. Ndipo vikazuka viunzi. Kiunzi ni mpangilio uliokwisha kutengenezwa na wengine, unaoamua jinsi vipande vya programu vinavyounganishwa, ili fundi ashughulike na kazi yake badala ya kushughulika na misumari. Google ilitoa AngularJS mwaka 2010. Jordan Walke, mhandisi wa Facebook, alitunga React, nayo ikatolewa kwa umma Mei 2013. Evan You, aliyewahi kufanya kazi Google, alitoa Vue Februari 2014. Vyote ni vya bure, na vitabu vyake vya mafunzo vimewekwa wazi kwenye tovuti zake. Wenye React husisitiza kwamba yao ni maktaba tu na wala si kiunzi, lakini huo ni ubishi wa mafundi, na hapa tutaviita vyote viunzi.

Leso na jina lake

Wazo kubwa la viunzi hivi ni kipande kinachotumika tena na tena. Akina mama wa pwani hawahitaji kulielezwa kwa muda mrefu, kwa sababu wanalivaa kila siku. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwenye kiwanda huchora leso moja, kisha huweza kuichapa kwa rangi nyingine na kwa jina jingine, nayo ikawa leso mpya sokoni ingawa umbo lake ni lilelile. Ukipita Mtaa wa Biashara pale Mombasa utaziona zimetundikwa safu kwa safu: umbo moja, maneno mengi.

Ndivyo kipande cha React kilivyo. Fundi huandika umbo mara moja, akaacha mahali pa kutia jina, rangi au kiasi. Kisha hukiita kipande hicho mara ishirini, kila mara akikipa maneno mengine. Akitaka kubadilisha pindo, hubadilisha mahali pamoja na leso zote ishirini zikafuata.

Hapo ndipo kozi nyingi za haraka huishia, na hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Leso ikishachapwa haibadiliki, lakini programu hubadilika kila inapoguswa. Jambo linalowatenganisha waliojifunza na waliokariri ni kile kinachoitwa hali: yale ambayo programu inayakumbuka kwa wakati huu.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo binti wa Rongai anaweza kuijenga akaiona faida yake nyumbani kwake. Tuseme mamake ni mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini. Kila mwezi kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja wao hupokea. Mweka hazina ana daftari. Binti anataka kulitia daftari hilo ndani ya simu: safu ya majina, kitufe cha kuonyesha kwamba fulani amelipa, na chini yake jumla ya fedha zilizopatikana.

Katika chama halisi, fitna huanza pale daftari linapokuwa mawili. Mweka hazina anaandika lake, katibu anaandika lake, na mwisho wa mwezi moja lina jina la Bi Fatma na jingine halina. Katika programu ni hivyohivyo. Mwanafunzi mchanga huweka alama ya malipo ndani ya kila kipande cha jina, kisha huweka jumla mahali pengine, na baada ya siku mbili jumla inasema hivi na majina yanasema vile. Dawa yake ni ileile ya chama. Daftari liwe moja, likae kwa mkubwa mmoja, yaani kipande cha juu kinachowabeba wengine wote, na vipande vya chini viombe ruhusa kwake kila vinapotaka kubadilisha kitu. Jumla haiandikwi popote. Huhesabiwa upya kutoka katika daftari kila inapotakiwa. Mweka hazina mwaminifu hujumlisha mbele ya watu, na hana haja ya kukumbuka jumla ya jana.

React inayo desturi nyingine inayowatesa wanafunzi, nayo tumeona ni vyema kuieleza kwa sababu vijana wetu hukesha nayo. Binti anapobadilisha mstari mmoja ndani ya daftari lilelile, mara nyingi skrini haibadiliki hata kidogo. Anadhani kompyuta imeharibika. Haikuharibika. React haifungui kila ukurasa wa daftari kuchungulia. Hutazama kama daftari alilopewa sasa ni jingine au ni lile la mwanzo, kama mlinzi anayetazama jalada tu. Ukifuta na kuandika humohumo, jalada ni lilelile, na mlinzi hasemi kitu. Inampasa binti atengeneze nakala mpya yenye mabadiliko yake na kuikabidhi. Hapo React huichora orodha upya kwa kumbukumbu, huilinganisha na ya kwanza, kisha hugusa skrini mahali palipotofautiana tu. Mshonaji wa mkeka hufanya vivyo hivyo: ukili mmoja ukichanika, hufumua huo na kuutia mwingine, bila kuufumua mkeka wote.

Na kuna suala la majina. Kila safu katika orodha inahitaji kitambulisho chake ili React ijue nani ni nani orodha inapopangwa upya. Vijana hupenda kutumia jina la mtu au nafasi yake katika foleni. Katika chama cha akina mama wa pwani, akina Fatma watatu si ajabu, na foleni hubadilika mtu akijitoa. Kila mwanachama apewe namba yake isiyobadilika tangu siku ya kwanza. Jambo dogo kama hili ndilo linaloweza kuhamisha malipo ya mtu mmoja kwenye jina la mwingine mbele ya macho ya watu ishirini, na programu itakuwa imewagombanisha majirani waliokuwa wakikopeshana sukari.

Mpangilio wa kusoma, na mitego yake

Twende sasa kwenye karo. Kozi inayomwanzisha mtu na React katika wiki ya kwanza inamfundisha kushona kabla hajajua kutia uzi kwenye sindano. Tunashauri HTML na CSS kwanza mpaka binti aweze kujenga kurasa kadhaa bila kunakili. Kisha JavaScript tupu, bila kiunzi chochote, kwa miezi kadhaa: orodha, hesabu, masharti, kuomba habari kutoka seva na kusubiri jibu. Daftari la chama lijengwe kwanza kwa JavaScript tupu. Litakuwa na usumbufu, na usumbufu huo ndio utakaomfanya akiona kiunzi aelewe kilikuja kutatua nini. Baada ya hapo, kuhama kwenda React au Vue ni suala la majuma.

Vue au React? Vue ni nyepesi zaidi kwa mtu anayejifunza peke yake, kwa kuwa kipande chake hukaa katika faili moja linalofanana na HTML aliyokwisha kuizoea. React ndiyo inayotajwa zaidi katika matangazo ya kazi. Angular, iliyoandikwa upya mwaka 2016, ni nzito na hutumia TypeScript; hupendwa na mashirika makubwa, nasi hatumshauri anayeanza aingie kwa mlango huo. Mwenye kuchagua Vue asione haya. Mwenye kuijua JavaScript vizuri huhama kiunzi kama mpishi anavyohama jiko.

Mtego ulio mbaya kuliko yote ni masomo yaliyochakaa. Video nyingi za React zilizopo mtandaoni zilirekodiwa kabla ya Februari 2019, wakati vipande viliandikwa kwa mtindo wa darasa. Tangu wakati huo huandikwa kama vitendo vya kawaida, na hali hushikwa kwa kitu kiitwacho useState. Video nyingine humwambia mwanafunzi aanze kazi yake kwa chombo kiitwacho Create React App, ambacho wenyewe React walitangaza Februari 2025 kwamba kisitumiwe tena kwa kazi mpya. Wengi sasa huanza na Vite, kilichotengenezwa na Evan You huyohuyo wa Vue. Binti akifuata somo la kale, hukumbana na makosa ambayo mwalimu wa kwenye video hakuyaona, akajidharau bure. Basi kabla ya kulipa karo yoyote, mzazi aulize swali moja hata kama halielewi: mnaanza kazi mpya kwa chombo gani? Jibu likiwa ni lile jina la kale, afunge mkoba wake.

Masomo ya bure yaliyo hai yapo. Kitabu cha React kilitolewa upya mwaka 2023, kina mazoezi ndani yake. Shirika la freeCodeCamp, lililoanza mwaka 2014, hufundisha bila malipo tangu HTML hadi React. Mozilla nao wanatunza maelezo ya lugha zote tatu. Sehemu kubwa ya masomo hayo imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa mabinti wengine huo ndio ukuta mrefu kuliko JavaScript. Tumeona wawili watatu wakikaa pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akieleza kwa Kiswahili, na ukuta ukapungua.

Hatusemi kwamba shule za kulipia hazina faida. Moringa School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2014, ina walimu na ratiba, na ratiba ni kitu ambacho nyumba yenye watoto wadogo haiwezi kukitoa kirahisi. AkiraChix ilianzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake vijana, miongoni mwao Judith Owigar na Angela Oduor Lungati, kwa ajili ya kuwafundisha wasichana hasa. Bi Angela baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi. Mombasa ipo Swahilipot Hub, tangu mwaka 2016, kwa familia ambazo binti atarudi pwani. Palipo na mafunzo ya wanawake, mzazi ayatazame kwanza. Tunalolikataa ni ahadi ya kazi ndani ya wiki chache.

Ushahidi wa hilo upo hadharani. Andela, kampuni iliyojitangaza kwa kuwaajiri na kuwafunza wanaprogramu vijana wa Afrika, ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2015. Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya wanaprogramu wachanga wa Nigeria, Uganda na Kenya, ikaeleza kwamba wateja wake walitaka watu wenye ujuzi mkubwa zaidi. Hao walikuwa vijana hodari waliochujwa kwa mitihani migumu. Tangu hapo zimekuja programu za akili mnemba zinazoandika ukurasa mzima kwa kuombwa, na kazi za juujuu walizokuwa wakianzia wachanga zimekuwa haba zaidi. Anayejua ni kwa nini jumla haiandikwi bali huhesabiwa, ataweza kuisahihisha mashine inapokosea. Aliyekariri hataona kosa. Kwa hiyo mzazi anayetoa idhini atoe idhini ya mwaka mmoja au miwili, na binti anayeomba aombe hivyo, ili pasiwe na lawama mwezi wa tatu.

Nafasi nyumbani

Laptopu haihitaji kuwa mpya. Iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, inatosha. Maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi yamejaa, ila mtu aende na anayejua, na aijaribu betri papo hapo, kwa kuwa umeme wa Rongai una tabia zake. Programu za kuandikia msimbo ni za bure. Simu inafaa kwa kusoma na kwa kujaribu kilichojengwa, lakini kuandikia msimbo kwenye simu ni adhabu.

Kilicho adimu zaidi ni saa. Msichana aliyeko nyumbani huonekana hana kazi. Ataitwa kuchemsha maziwa, kufungua mlango, kumbeba mtoto wa shangazi, kwenda Kware kununua mboga, na kila anapoitwa hupoteza uzi wa alichokuwa akikifikiria. Ndugu yake wa kiume akiketi mbele ya kompyuta ileile, nyumba hunong'ona. Tunaliandika hili bila kuzunguka kwa sababu tumelisikia kwa mabinti wengi mno. Saa mbili kwa siku ambazo hataitwa, zikiwa zimekubaliwa na mama na kujulikana na wadogo zake, zina thamani kuliko nusu ya karo. Kwa walio wengi saa hizo huangukia baada ya Alfajiri au baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, na hapana ubaya.

Kusoma nyumbani kunamwokoa na foleni ya magari ya jioni na safari ya usiku kutoka mjini, jambo linalowatuliza wazazi wengi. Lakini upweke nao una gharama yake. Mabinti wawili au watatu wa mtaa mmoja wakutane kila Jumamosi katika nyumba moja, kila mmoja aeleze alichokijenga. Anayeshindwa kukieleza kipande chake hajakifahamu.

Kazi za kujifunzia nazo zitoke nyumbani. Ratiba ya madrasa ni zoezi zuri sana, kwani maneno ya Kiarabu huandikwa kutoka kulia na binti atalazimika kuuambia ukurasa hivyo kwa alama ya dir, la sivyo nukta na namba zitaparaganyika. Ukurasa wa Kiswahili nao uandikwe alama ya lugha, sw, ili chombo kinachomsomea kwa sauti asiyeona kijue kwamba hiki si Kiingereza. Herufi ziwe kubwa. Bibi yake ndiye mtumiaji wa kwanza. Na kama kinachotakiwa ni tangazo la walima tu, yenye saa, mahali na ramani, basi HTML inatosha. Kadi ya harusi haihitaji React. Kiunzi kina uzito wake, kila anayefungua ukurasa huupakua kwa fedha zake, na simu ya bei rahisi huutafuna polepole.

Siri za watu

Limebaki jambo ambalo kozi za haraka hulipita mbio, nasi kwetu ndilo la kwanza kwa uzito. Kila kilichomo katika upande wa mbele wa programu hupelekwa kwenye simu ya anayeifungua. Chote. Hata kama hakionekani kwenye skrini, mtu mwenye ujuzi mdogo tu huweza kukifungua na kukisoma. Kwa hiyo neno la siri likiandikwa ndani ya msimbo wa React limeandikwa ukutani pa msikiti. Binti akitaka chama kipokee malipo kwa M-Pesa kupitia mlango wa Daraja ambao Safaricom imewawekea wanaprogramu, funguo zake hukaa kwenye seva, kamwe haziwi upande wa mbele, na msimbo ulio na funguo usipandishwe GitHub mahali pa wazi. Huo ni ufundi mwingine unaofuata baada ya huu. Mpaka atakapoujua, programu yake iandike tu kwamba fulani amelipa, na fedha ziendelee kupita njia yake ya kawaida.

Ajihadhari pia na ghala dogo lililomo ndani ya kivinjari. Ni rahisi kulitumia, na kwa wiki ya kwanza litamfurahisha, kwa kuwa daftari litakumbuka hata simu ikizimwa. Lakini lipo katika simu hiyo moja tu. Simu ikiibwa ndani ya matatu, daftari la akina mama ishirini limekwenda nayo.

Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kamishna wa kuisimamia. Inadai kwamba habari za mtu zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, zisizidi zinazohitajika, na zilindwe. Chama hakina haja ya namba ya kitambulisho cha taifa ili kujua nani amelipa. Hakina haja ya picha, wala ya jina la mume. Vijana hupenda kuweka nafasi za kujaza kila kitu kwa sababu fomu ndefu huonekana ya kitaalamu, na hapo mama anayeijua thamani ya siri ya nyumba ana la kumfundisha binti anayeijua JavaScript.

Katika miezi yote ya kujifunza, majina yawe ya kubuni na fedha ziwe za kubuni. Siku ambayo akina mama watakubali majina yao yatiwe, waonyeshwe kwanza skrini, waelezwe nani ataiona na mahali itakapohifadhiwa, na anayekataa aachwe katika karatasi. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba kwa mizunguko miwili kamili ya chama, na kila mwisho wa mwezi mweka hazina alinganishe hesabu hizo mbili kwa sauti mbele ya wenzake.